Chuma cha Enkare

Wenzangu mnaobaki Enkare,

Siku ile ya keki ya kustaafu kwangu mliniambia niseme maneno machache. Nikasimama, nikaangalia keki iliyoandikwa jina langu vibaya, nikasema soda zina joto, nikakaa. Mlicheka mkidhani ni mzaha. Soda zilikuwa na joto kweli, na maneno niliyokuwa nimeyapanga wiki nzima nikakaa nayo. Sasa niko Kitengela kwa kijana wangu Wafula, nimechemsha chai, na hakuna dereva wa kunipigia honi. Nitayasema polepole. Habari za vyeo sitaziweka hapa. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa na havikunifunza kitu.

Nilifika Enkare nikiwa msichana kutoka Bungoma, karani mpya wa tiketi, na sanduku la bati na sweta moja. Nilikuwa nimeambiwa Kajiado ni joto na vumbi. Hakuna aliyenitajia Julai. Hakuna aliyesema kwamba asubuhi uwanda wote hujaa ukungu mweupe, huoni hata reli iliyo mbele ya viatu vyako. Nilishuka, treni ikaondoka, nikabaki nimesimama mahali pasipo nyumba wala mtu. Nilichoona ni masikio ya pundamilia yakisogea juu ya ule weupe, miili haipo. Yalipita taratibu, yakaisha. Nikajiambia, Nekesa, umeletwa wapi?

Kisha sauti ikasema karibu sana na bega langu, "Takwenya."

Nikajibu, "Asante."

Sauti ikacheka. Akatokea mzee mrefu mwenye koti la reli juu na shuka chini. Huyo ndiye Mzee Parsaloi, mtu wa pointi, yaani yule anayegeuza reli kwa mkono ili treni iingie njia inayofaa. "Hapana, Karani," akasema. "Mwanamke akisalimiwa takwenya anajibu iko."

"Iko nini?"

"Iko tu."

"Lakini ni kitu gani iko?"

"Wee Karani, si useme iko twende, chai inapoa!"

Nikasema iko, tukaenda. Nimelisema neno hilo kila asubuhi tangu siku hiyo na mpaka leo sijui ni nini iko.

Nyinyi mmeikuta Enkare na vibao vya taa na mashine ya tiketi inayokataa noti zilizokunjika. Mjue ilikotoka. Enkare ni maji kwa Kimaasai. Stesheni ilianza kama tangi, lile lile lenye miguu ya chuma ambalo njiwa wamelifanya nyumba. Injini za mvuke zilisimama hapa kunywa, na binadamu hawakuwa kwenye mpango. Aliyetaka kupanda alipanda injini ikiwa inakunywa. Baadaye wakajenga chumba cha tiketi, benchi moja, na nyumba ya mfanyakazi nyuma ya tangi, ambamo nimeishi maisha yangu yote ya kazi. Choo kilikuja mwisho, na kwa miaka mingi mlango wake ulifungwa kwa kushikiliwa na mwenyewe aliye ndani.

Treni siku hizo ilikuwa ya mchanganyiko, mizigo mbele na watu nyuma. Tulipokea ngozi, magunia ya maharagwe, siku moja tukapokea jeneza tupu ambalo halikuchukuliwa. Lilikaa stoo mpaka Mzee Parsaloi akalifanya sanduku la kuwekea bendera na taa. Mnalijua. Ndilo lile refu mnalokalia mkila mandazi.

Halafu mji wa Kitengela ukaanza kututembelea. Naona kama ilitokea nikiwa nimefunga macho tu. Jioni kulikuwa na nyasi na nyumbu, asubuhi kuna bati linang'aa, kesho yake ghorofa, na kati ya ghorofa na sisi mashimo ya mawe yakichimbwa ili nyumba nyingine zijengwe. Watu wakaja kutoka Murang'a, kutoka Bungoma kwetu, wakapanga vyumba, wakahitaji kufika Nairobi kabla jua halijapanda. Tukapewa treni ya abiria ya asubuhi, ya mchana na ya jioni. Ghafla nikawa na mistari ya watu wenye tai, mama wa chai, vijana wa boda boda kwenye lango wakibishana ni nani amefika kwanza. Nikawa na kabati la vitu vilivyosahaulika: miavuli, viatu vya mtoto, meno ya bandia ambayo mwenyewe alikuja kuyaulizia kwa kunong'ona huku amefunika mdomo. Mkipata meno, msimwulize mtu jina lake. Mpeni, angalieni kando.

Sasa nije kwa chuma.

Kipande cha reli, urefu wa mkono, kilining'inia kwenye mguu wa tangi kwa mnyororo. Stesheni ya nyuma ikipiga simu kwamba treni imetoka, sisi tulipiga chuma ili watu wa uwandani wajue waanze kutembea. Nilidhani ni kazi ya kugonga tu. Mara ya kwanza niligonga kwa nguvu zangu zote za Bungoma, njiwa wakahama.

"Karani," Mzee akasema, "hicho chuma kimekukosea nini?"

Akachukua nyundo, akanionyesha. Unapiga mfululizo, haraka haraka, mkono ukiwa mwepesi. Kisha unaacha. Unavuta pumzi mpaka mlio uishe kabisa kwenye nyasi. Halafu unapiga mara moja tu, polepole, karibu kama unabisha mlango wa mgonjwa.

"Kwa Kimaasai," akasema, "ukiita watu wengi waje, unasema wootu. Ukiita mtu mmoja, unasema wou. Hii ya kwanza ni wootu. Hii ya mwisho ni wou."

"Ya nani hiyo ya mwisho?"

"Ya yule bado ako njiani."

"Na kama wote wamefika?"

Akaniangalia kama mtu ambaye hajawahi kufanya kazi ya reli, jambo ambalo lilikuwa kweli. "Wewe ushaona siku wote wamefika?"

Nimepiga hivyo tangu hapo. Mzee alirudi kwa ng'ombe wake, akazeeka, akatuacha. Nyundo alinikabidhi bila hotuba, mpini umelainika kwa mkono wake hadi ukawa kama sabuni. Asubuhi nyingine, kabla ya simu kulia, nilisimama chini ya tangi na nyundo mkononi nikisikiliza kengele za ng'ombe zikipita mbali ndani ya ukungu, na nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu. Ningemweleza nani? Mume wangu alikuwa mwalimu Webuye na barua zake zote zilikuwa za mahindi.

Naisula mnamjua, yule dada wa fimbo nyeupe anayepanda behewa la pili. Mimi nilimjua akiwa mtoto anayeongozwa na mama yake kuuza maziwa hapa platifomu. Macho yalikuwa yameshachukuliwa na trakoma, ule ugonjwa unaoletwa na nzi. Alikuwa akikaa chini ya chuma, mgongo kwenye mguu wa tangi, akisubiri nipige ili asikie ule mtetemo ukishuka hadi kwenye mifupa yake. Alienda shule ya wasioona kwa treni yetu, akarudi kwa treni yetu, akapata kazi ya kupokea simu katika ofisi moja mjini. Watu wakamwambia apange chumba Nairobi. Akasema ng'ombe wake hawapendi ngazi.

Kwao ni ng'ambo ya machimbo. Kila asubuhi alikuja peke yake, kwa miguu, kwenye kijia kinachopita katikati ya mashimo mawili ambayo mtu mwenye macho mazima huyaogopa. Nilimwuliza anawezaje.

"Mama Wafula, naweka ile sauti hapa." Akagusa katikati ya paji la uso wake. "Ikikaa hapo, niko sawa. Ikienda kwa sikio, nimepotea, nasimama. Halafu unanipigia wou, nairudisha mahali pake."

Yaani yale mapigo yangu ndiyo yaliyokuwa njia yake. Kuanzia siku hiyo sikuwahi kupiga ile ya mwisho nikiwaza chakula.

Ndipo wakaja kutengeneza stesheni upya. Injinia aliyeletwa alikuwa kijana mpole, anavaa kofia ya plastiki hata kwa kivuli. Sitamsema vibaya. Ndiye aliyetengeneza mlango wa choo, na kwa hilo nitamwombea mpaka nife. Lakini alisimama mbele ya chuma akasema, "Madam, hii tutatoa. Tunaweka spika."

Nikamweleza habari za Naisula. Alisikiliza kwa heshima. "Lakini Madam, spika itasikika mbali kuliko hii. Si hiyo ni poa hata kwake?"

Na kweli, ilisikika mbali. Wakafunga spika nne kwenye nguzo nne, na mwanamke ambaye hajawahi kupata mafua akaanza kusema, "Abiria wapendwa." Chuma wakakishusha, wakakilaza kwenye nyasi nyuma ya tangi. Mnyororo ulienda na vyuma chakavu. Nyundo niliiingiza chini ya kitanda changu, na nililia kidogo, kwa nini nifiche.

Naisula alifika siku ya kwanza akiwa amekasirika. "Huyo dada anaongea kutoka kila mahali. Sasa kama ako kila mahali, mimi niende wapi?"

"Kubali usindikizwe, mama."

"Wewe unasindikizwa na nani kwenda kazini?"

Mimi kazini ni kutoka kitandani kuzunguka tangi. Akaniambia nisijali, amepata alama nyingine: mashine ya kusaga kokoto. Ikinguruma kwa sikio lake la kushoto, anajua shimo liko upande huo. Nikasema sawa, lakini moyo haukukubali. Kila asubuhi nilisimama na bendera nikitazama lango mpaka nione ile fimbo nyeupe, ndipo nianze kupumua kama watu.

Ikaja asubuhi ya ukungu ule wa Julai. Mwanamke wa spika akasema yake. Treni ikaingia, taa yake ikiwa kama yai ndani ya maziwa, watu wakapanda. Lango likabaki tupu. Bendera ya kijani nilikuwa nimeishika imekunjwa, na mnajua dereva hawezi kuondoka kabla haijafunguliwa. Ndipo nikatambua kwamba kuna kitu sisikii. Mashine ya kokoto ilikuwa kimya. Baridi ilikuwa kali na vijana wa machimbo walikuwa hawajaanza kazi.

Nikampigia Naisula simu. Ikaita, ikaita. Akashika.

"Mama Wafula." Alikuwa anaongea polepole sana. "Nimesimama. Sijui ni wapi. Kuna baridi inatoka chini, inanipanda kwa miguu."

Ile ilikuwa pumzi ya shimo. "Usisogee! Hata kidole! Tunakuja."

"Mkuje wapi? Mtaniona?"

Nilitazama. Sikuona hata behewa la tatu. Nikituma watu, nitakuwa nimetuma watu kwenye mashimo.

"Nipigie chuma," akasema.

Nilikimbia. Nyie hamjawahi kuniona nikikimbia na mshukuru. Nikatoa nyundo chini ya kitanda, nikazunguka tangi, nikakipata chuma kwenye nyasi, nikakigonga. Kikasema *tuk*, kama gogo. Chuma kilicholala hakina sauti, kinataka kuning'inia. Nikagonga tena, *tuk*, na nikaanza kupiga kelele, sijui nilisema nini. Dereva Mutua alikuwa ametoa kichwa dirishani. "Madam! Tunachelewa! Ni nini?"

"Ni Naisula! Ako kwa shimo!"

Behewa la pili likamwagika. Wale watu mnaowaona kila siku wamelala na midomo wazi, wale wa tai, wale wa sare za ulinzi, walishuka wote. Mwanamume mmoja akajaribu kukiinua chuma kwa mikono. Nikapiga: *tuk*. Mikono inakinyamazisha. "Kamba!" nikasema, na kamba haikuwepo. Mzee mmoja wa Kimaasai, mfanyakazi wa benki, alikuwa na shuka juu ya suti yake kwa ajili ya baridi. Akaivua, akaipitisha kwenye tundu la chuma, akaishika upande mmoja. Mwanamume wa tai akashika upande wa pili. Wakainua pamoja, wakiyumba, nyuso zimewaiva.

Chuma kikaning'inia kwenye ile shuka nyekundu katikati ya ukungu. Njiwa wakanyamaza juu. Nilihisi kama tumesimama mahali ambapo siku haijaanza bado.

Nikapiga wootu. Ikaenda.

Naisula akasema kwa simu, "Nimeisikia mara mbili, kwa simu na kwa ukungu. Zima simu, inanichanganya."

Nikazima, nikabaki sina kitu cha kunishikilia. Nikavuta pumzi mpaka mlio ukaisha. Nikapiga ile moja. Wou. Nikangoja. Wou. Wale wawili walikuwa wanaelemewa, wengine wakaja wakashika juu ya mikono yao. Mutua alikuwa ameshuka kutoka kwa injini, amevua kofia. Hakuna aliyeuliza saa. Wou. Nilikuwa nikimwona Mzee Parsaloi akinikosoa, polepole, Karani, polepole, na nikalegeza mkono ingawa moyo ulitaka kuvunja kile chuma.

Fimbo ilikuja kwanza. *Ti, ti, ti* kwenye kokoto. Halafu yeye, sketi imelowa umande hadi magotini, uso umenyooka moja kwa moja kuelekea kwetu. Akatembea hadi paji lake likakaribia kugusa chuma. Akanyoosha mkono, akagusa shuka, akagusa vidole vya watu wote walioishika, kimoja kimoja.

"Mko wengi," akasema.

Nilimkumbatia, nikamkemea, nikamkumbatia tena. Kisha nikafungua bendera, maana treni ni treni.

Injinia alikuja mwenyewe siku hiyo hiyo, hakuitwa. Alileta mnyororo mpya, akapanda ngazi akakifunga chuma kwa mkono wake, na aliposhuka macho yalikuwa mekundu. Machimbo yakawekewa ua wa seng'enge baada ya abiria wa behewa la pili kwenda kwa mwenye shamba wote kwa pamoja. Spika zilibaki. Yule mwanamke anasema yake, nasi tunapiga yetu, na hatujagombana.

Sasa ile siku ya keki. Mlikuwa mnakula, kwa hivyo hamkuona mambo ya mwisho. Vitu vyangu vilikuwa vimetangulia kwa pikapu ya Wafula. Mimi nilitaka kuondoka kwa treni ya mchana, kama abiria, tiketi mkononi. Kamau, ambaye sasa ndiye mwenye bendera, alipiga wootu vizuri kabisa, mkono mwepesi. Treni ikaingia. Watu wakapanda. Na mimi nikajikuta nyuma ya tangi, nimeegemea ule mguu wa chuma, miguu imekataa. Niliishi pale. Sikuwahi hata siku moja kutembea kuja Enkare, na sikujua mtu huondokaje hapo. Nilisikia milango ikifungwa. Nikasema moyoni, wacha iende, nitabaki hapa na njiwa.

Naisula alikuwa ameomba ruhusa ofisini ili aje kuniaga. Alikuwa amesimama karibu na Kamau. Nikamsikia akisema, "Usifungue bendera. Bado mtu mmoja. Nipatie nyundo."

Mlio ukaja, mmoja tu, polepole, ukashuka kwenye ule mguu wa tangi ukaingia kwenye mgongo wangu. Miaka yote nilikuwa nimeupiga kwa wengine. Sikuwahi kuitwa nao.

Nikatoka nyuma ya tangi huku kamasi zinanitoka kama mtoto. Nikasema kitu cha kwanza kilichokuja mdomoni.

"Iko."

Naisula akacheka mpaka akashikilia chuma. "Mama Wafula, hilo si jibu la wou."

"Najua," nikasema, nikapanda.